Kliniki ya Masikio Inayoita Watu kwa Mdomo

Nilivua viatu kwanza, kwa sababu nimelelewa, halafu nikapanda juu ya benchi ya hospitali nikawauliza watu wote waliokuwa wanangoja: "Nani ameitwa hapa leo na hajasikia? Inua mkono!"

Hakuna aliyeinua. Mzee mmoja wa kofia, aliyekaa kando ya dirisha, aliweka kiganja nyuma ya sikio akamgeukia mke wake. Midomo yake niliisoma bila shida. "Anasema nini huyu?"

Hiyo ilikuwa mara yangu ya tatu kwenye benchi ile. Mara ya kwanza nilitoka Isiolo alfajiri, nikapanda huko juu kwenye baridi iliko hospitali, nikakaa mpaka mlinzi akaanza kufunga madirisha. Msichana wa mapokezi alinionyesha kadi yangu. Imeandikwa: hakufika. Mara ya pili, hakufika. Mara ya tatu nilikaa mahali ambapo ningenyoosha mguu ningegusa mlango wa daktari, na nilikuwa nimeutazama tangu asubuhi kama mbuzi anavyotazama lango la zizi. Mlango unafunguka kiasi cha kupitisha pua. Mtu aliyevaa barakoa anasema jina ndani ya barakoa yake. Mlango unafungwa. Halafu nikaona kadi yangu, yenye kona iliyoliwa na mwanangu Qabale, ikiwekwa chini kabisa ya rundo.

Kliniki ya masikio. Sisi wote pale shida yetu ni moja. Na wanatuita kwa mdomo.

Ningeweza kuvumilia siku nyingine. Nimevumilia mengi. Lakini siku hiyo, nyumbani Isiolo, mama mkwe wangu alikuwa ameshafunga nguo za mtoto wangu ndani ya shuka. Nisipopimwa, asubuhi Qabale anaondoka naye kwenda kwake Gotu, na hakuna aliyeniambia atarudi lini.

Ninaandika haya kwa ajili ya mama mwingine ambaye anaosha vyombo sasa hivi huku akigeuka kila mara kuangalia kama mtoto analia. Ninakujua. Shingo yangu ilikuwa inaniuma kama yako.

Masikio yangu yalianza kuniacha baada ya kumzaa Qabale. Sababu sitaji, kwa kuwa kila daktari alinipa yake. Najua tu yalivyoondoka. Ndege waliondoka kwanza, na sikugundua, maana nani anahesabu ndege? Halafu mlio wa ufunguo. Halafu maneno ya watu yakaanza kuliwa mwanzo na mwisho, yanabaki ya katikati, na nikawa naona watu wananinong'onea kwa dharau. Niligombana na nusu ya soko kabla ya kujua shida ni yangu.

Mimi nauza maziwa ya ngamia. Mteja anasema lita mbili, mimi namimina tano. Wamama wenzangu walicheka mwanzoni. Halafu mmoja akasema, na alisema akiniangalia usoni ili nisome: "Mama Qabale, wewe unauza maziwa ama unatafuta masikio?" Nilicheka na wao. Nilipofika nyumbani nikamwaga maji yote ya pipa kwa hasira, na ilikuwa kiangazi.

Kiangazi hicho kilikuwa cha matone. Matone asubuhi, matone jioni, pamba. Mvua fupi ikanikuta nikiwa kwenye kuoshwa masikio, maji vuguvugu kwa sindano kubwa, dunia inazunguka mpaka unashika meza. Kiangazi kingine, vidonge vilivyonifanya nitapike. Halafu daktari wa mwisho akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kama anaandikia mtoto: UNAHITAJI MASHINE ZA KUSIKIA. Akaandika na bei. Nilimwonyesha mume wangu. Ilikuwa bei ya ngamia jike mwenye maziwa, na sisi ngamia wetu wanaoniletea maziwa si wengi wa kuchezea.

Mume wangu, Galgalo, anaendesha lori la mifugo. Hayupo nyumbani zaidi ya alivyopo. Si mtu mbaya. Lakini nikikwambia kwamba mtu huyu, akijua kabisa mke wake hasikii, alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, utaelewa ninaishi na mtu gani. Nilikuwa napeleka simu kwa jirani anisikilizie mume wangu mwenyewe. Jirani anarudi na uso wa aibu. "Anasema amekukumbuka." Sasa hiyo ni ya kuambiwa na jirani?

Hofu ndiyo iliyonikaa zaidi ya uchungu. Mtoto alipoanza kutembea, niliogopa kila kitu kilicho nyuma yangu. Boda boda. Maji ya moto. Nge chini ya mawe ya jiko. Kabla sijapoteza masikio sikujua kwamba mama analinda mtoto kwa kisogo. Macho ni ya mbele tu. Nikachana kitenge, nikatengeneza kamba, nikafunga mguu wa Qabale na mkono wangu. Akienda, ninavutwa. Akianguka, ninavutwa. Nilifua nikiwa nimefungwa, nikapika nikiwa nimefungwa.

Siku moja nilimfungua kidogo nioshe mitungi ya maziwa. Nilikuwa nimeinama, mgongo kwa geti. Nilipogeuka niliona majirani wameshajaa uani kwangu na mtoto wangu yuko mikononi mwa mwanamke mwingine. Kidole chake kilikuwa kimebanwa na bawaba ya geti. Alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa hapo hapo. Ungerusha kandambili ungenipiga nayo. Nilikuwa nasugua mtungi.

Habari ilifika Gotu kabla kidole hakijapoa. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Ayo, mama kwa Kiborana, alikuja na gari la maziwa. Alimkuta Qabale kwenye kamba. Hakusema salaam. Aliangalia ile kamba kutoka mguu wa mtoto mpaka mkono wangu, halafu akanishika kidevu ili nimtazame mdomo.

"Mtoto wa mwanangu umemfunga kama ndama?"

"Ayo, ni ili nijue alipo."

"Ndama tunamfunga asinyonye maziwa yote. Huyu amekosa nini? Mvua ikianza nitakuja nimchukue. Atakaa kwangu mpaka masikio yako yafunguke."

"Na yasipofunguka?"

Aliniachia kidevu. Kama alijibu, alijibu akiwa amegeuka.

Nilimwandikia Galgalo. Alijibu kwa sauti. Jirani akasikiliza, akanirudishia simu taratibu. "Anasema msikilize mama."

Basi nikaingia kwenye simu kutafuta, maana kusoma nimesoma mpaka kidato cha nne, na hakuna mtu aliyewahi kunipa cheti cha ujinga. Nikagundua kuna watu duniani wanaonunua mashine za kusikia za mtumba na kuzipanga wenyewe kwa kompyuta. Nguo zangu za mtumba. Viatu vyangu vya mtumba. Lori la mume wangu limepita mikononi mwa zaidi ya mtu mmoja. Kwa nini sikio lisiwe la mtumba?

Nilipata pea moja kwa mama mmoja wa Nairobi ambaye baba yake alikuwa ameaga. Alinitumia kwa basi, zimefungwa ndani ya soksi, pamoja na kijisanduku na waya wa kuziunganisha na kompyuta, vitu alivyokuwa navyo fundi wa baba yake. Aliniandikia: "Zilimfaa mzee, zikufae na wewe dada." Mpaka leo namwombea.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mashine hizo zilikuwa zimekaa masikioni mwa mtu aliyefariki. Na mimi ni mwanamke wa maziwa. Kwetu chombo ambacho kimetumika hakiwi safi kwa sabuni peke yake. Unakiosha, halafu unachukua kaa la mti wa ejersa, unakifukiza moshi mpaka harufu ya zamani itoke na ile nzuri iingie. Ndivyo maziwa yanavyokaa bila kuharibika. Mama yangu alinifundisha, na mama yake alimfundisha.

Nilizifukiza zile mashine.

Niliziweka ndani ya mtungi mtupu, kaa likiwa chini, nikafunika. Nikamwita Qabale aone nilivyo mjanja. Nilipozitoa zilikuwa zinanukia vizuri ajabu. Ya kushoto haikuwaka tena kamwe. Vitundu vyake vya kuingizia sauti vilikuwa vimegandwa na utomvu wa moshi kama mdomo wa kibuyu. Ya kulia ilitoa mlio kama mbu, ikanyamaza.

Nilikaa chini uani. Sikulia. Nilikuwa naangalia mawingu upande wa Leparua yanavyokusanyika, yaani mvua inakuja, yaani Ayo anakuja.

Aliyeniokoa ni Fridah. Ana duka la kompyuta karibu na stendi, anachapia watu barua na kuwatengenezea simu. Nilimwekea zile mashine mezani. Alizinusa.

"Aki Kaltuma, hii ni nyama choma ama ni nini?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika kaunta, halafu alipoona uso wangu akaacha, akavuta kiti, akanikalia mbele ili nione mdomo wake. Tangu siku hiyo hajawahi kuongea na mimi akiwa amegeuka. Watu wa aina hiyo ni wachache, ukimpata mshike.

Tulisafisha ile ya kulia kwa brashi kavu ya meno na sindano. Tukabadilisha kimrija. Ile plastiki iliyochongwa kwa sikio la marehemu haikunitosha, ilikuwa inapiga filimbi nikitafuna, tukaweka kofia laini ya mpira badala yake. Ikawaka. Fridah akaweka programu kwenye kompyuta, nasi tukaambiwa na kile kioo: weka vipimo vya masikio.

Vipimo sikuwa navyo. Daktari wangu wa mwisho alinipima kwa kunong'ona nyuma yangu na kugonga chuma. Kwa hiyo nilijipima kwa simu, na visikizi vya Fridah, hapo hapo dukani. Umeme ulikuwa umepotea na jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma ukutani. Simu inatoa mlio mdogo, unabonyeza ukisikia. Jenereta ikameza milio yote midogo. Simu ikaandika kwamba mimi karibu nimekufa masikio. Na mashine ikafuata ilichoambiwa.

Fridah aliniuliza, "Uko tayari?" Nikawasha.

Sijui nikuelezeje. Ile sauti haikuingia sikioni, iliingia kwenye meno. Mtu alikunja mfuko wa nailoni nikadhani nyumba inaanguka. Qabale, aliyekuwa kwenye mapaja yangu, akafungua mdomo akalia. Kilio cha mtoto wangu, nilichokuwa nimekiombea miezi yote hiyo, kilinipiga kama kofi, nikaing'oa ile mashine nikaitupa kwenye kaunta. Nilimsukuma mtoto wangu. Kidogo tu, lakini nilimsukuma, na alinitazama.

Baada ya hapo sikio lilipiga kelele lenyewe bila mashine. Fiiii, asubuhi mpaka nalala, nikiamka bado. Na hata kile kidogo nilichokuwa nasikia kikawa kama kimefunikwa na blanketi. Nikajua nimejichoma. Nikajua nilikuwa na kijiko kimoja cha kusikia kimebaki na nimekimwaga kwa mkono wangu, kwa sababu ya ujuaji na umaskini. Nilikuwa nakaa na kusema neno moja kwa sauti, "Qabale, Qabale," kuangalia kama bado linasikika. Kila mara nilidhani limepungua.

Sauti ilirudi polepole. Lakini nilikuwa nimeogopa kweli kweli. Dada yangu, sikukatazi mtumba. Nakukataza kujipima karibu na jenereta, na nakukataza kupandisha sauti bila kipimo cha kweli. Fridah mwenyewe alikataa kugusa ile programu tena. "Lete karatasi ya hospitali. Mimi si muuaji wa masikio."

Ndiyo maana nilipanda huko juu mara ya kwanza. Na ya pili. Kipimo tu. Sikuomba dawa, sikuomba mashine, niliomba waniambie nasikia kiasi gani. Na katikati ya mara ya pili na ya tatu, mvua ikanyesha, na Ayo akashuka kutoka gari la maziwa na shuka lake.

"Nimepewa siku nyingine hospitali," nilimwambia.

"Nenda. Nitakaa na mtoto. Ukirudi mikono mitupu, asubuhi tunaondoka."

Hivyo ndivyo nilivyofika juu ya benchi.

Mlinzi alikuja mbio. Mlango ukafunguka wote safari hii, akatoka yule anayeita majina, kijana wa kupima masikio, na barakoa yake. Nikamwonyesha kwa kidole aishushe.

"Mama, shuka. Tumekuita."

"Umeita nani? Umeita mlango!"

"Tumeita mara tatu."

"Ungeita mara mia. Kama ningesikia ningekuja hapa kufanya nini? Kuuza maziwa?"

Watu walicheka, nikaona mabega yao. Yule mzee wa kofia alikuwa ameshaelezwa na mke wake, naye akasimama kwa fimbo yake, akainua mkono. Kumbe hata yeye. Halafu mama mmoja wa Kimeru mwenye mtoto wa shule, naye akainua. Yule kijana akaangalia rundo la kadi kama analiona mara ya kwanza.

Aliniingiza mimi na yule mzee kabla ya chakula cha mchana. Usidhani aligeuka malaika. Alipoona mashine yangu aliishika kwa ncha za vidole. "Hii umeokota wapi? Za mtumba sisi hatugusi. Nunua kwetu, tutakupangia."

"Sijakuomba uiguse. Nipime, nipe karatasi."

"Karatasi tunawapa wanaonunua."

"Basi narudi kwenye benchi. Nimeshavua viatu."

Alinipima. Kile chumba kidogo hakina sauti hata ya pumzi. Unakaa peke yako na kitufe mkononi, na unaanza kuogopa kwamba unasikia vitu ambavyo havipo. Nilibonyeza kwa moyo wangu mwenyewe kudunda, nadhani. Jasho lilinitoka. Nilitoka nikiwa na uhakika ameandika sifuri. Alinisogezea karatasi yenye mistari miwili inayoshuka kama njia ya mlima, akaweka kidole pale inapoanza. Pale juu, sauti nzito, bado ninazo nyingi. Chini ndiko kumeliwa. Sikuwa nimejichoma. Hapo ndipo nililia, si kwenye benchi.

Fridah alinisubiri kabla ya kufunga duka. Umeme ulikuwepo. Tuliandika vipimo kimoja kimoja, tukaanzia chini kabisa, tukapandisha kidogo, tukanyamaza, tukapandisha kidogo. Safari hii nilisikia vidole vyake kwenye kibodi. Nilisikia mtandio wangu ukisugua juu ya mashine, shwaa, kama mtu anafagia kichwani. Nilisikia neno lote la Fridah, mwanzo na mwisho.

Nyumbani nilisalimia salaam aleikum, sikueleza kitu. Mashine ilikuwa chini ya mtandio. Niliona shuka limefungwa kando ya mlango, na sandali ndogo zimewekwa juu yake. Nilichukua mitungi, nikainama kuosha, mgongo kwa Ayo na mtoto. Niliogopa betri. Niliogopa moshi wa zamani. Niliogopa kwamba dukani nilisikia kwa sababu Fridah ananipenda.

Nyuma yangu, Ayo alimwambia Qabale kwa sauti ya chini, kwa Kiborana, kama mtu anavyosema mbele ya ukuta: "Mama yako huyu ni mkaidi kama ngamia wa kukodi."

Sikugeuka. Nilisema kwenye mtungi, "Ngamia amesikia, Ayo."

Nilidhani mashine imezima. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kusikia tangu niolewe katika nyumba ile: mama mkwe wangu anacheka puani, kidogo, anajizuia.

"Intala," aliniita. Binti. "Ukisikia tusi, kilio utasikia."

Asubuhi alifungua shuka lake, akarudisha nguo za mtoto moja moja kwenye kamba, akapanda gari la maziwa peke yake.

Sijapona. Nina sikio moja la mtumba lenye harufu ya ejersa siku za joto. Betri ikilia kwamba inakwisha, natoa ile kamba ya kitenge namfunga Qabale, naye amezoea, ananyoosha mguu mwenyewe. Kila baada ya mvua nitapimwa tena, na ile mistari miwili inaweza kushuka. Kwa hiyo hasira sijaiweka chini, kwa sababu nitarudi kwenye ile benchi.

Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa kurasa nne, na Fridah alikataa kuichapa, alisema ina matusi ya lugha tatu. Hii ndiyo niliyopeleka, nikangoja mpaka ikapigwa muhuri mbele ya macho yangu:

Kwa Msimamizi wa Hospitali.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KLINIKI YA MASIKIO

Mimi ni Kaltuma Guyo, mgonjwa wenu kutoka Isiolo. Nilifika katika kliniki yenu ya masikio mara tatu. Mara mbili kadi yangu imeandikwa kwamba sikufika. Nilifika. Nilikuwa nimekaa mbele ya mlango.

Kliniki yenu inaita wagonjwa wasiosikia kwa mdomo, mara moja, mlango ukiwa nusu, na anayeita amevaa barakoa. Asiyeitika anawekwa chini ya rundo. Siku niliyosimama kwenye benchi tulikuwa zaidi ya mmoja, na mzee aliyekaa kando ya dirisha alikuwa ameitwa kabla yangu.

Pia nililaumiwa kwa kuwa na mashine ya mtumba na nikaambiwa karatasi ya vipimo ni ya wanaonunua kwenu. Masikio ni yangu. Vipimo vyake ni vyangu.

Naomba mambo haya. Andikeni namba kwenye ubao. Kama hakuna ubao, mtu atoke aje kwenye benchi atuguse bega. Kadi zetu zilizoandikwa hakufika zirekebishwe. Na kila anayepimwa apewe karatasi yake.

Nina mtoto mdogo ambaye nusura anitoke mikononi kwa sababu ya jina langu kusemwa mahali ambapo singeweza kulisikia.

Nangojea jibu lenu. Tafadhali msinipigie simu. Andikeni.